Burse yenye jina la Lumumba



Juma lililopita mudogo mmoja wa kwetu Lubumbashi alinionyesha barua kutoka chuo kikuu cha Ulaya. "Yaya, nimepata burse!" Nikasoma. Wamempunguzia nusu ya malipo ya masomo, basi.

"Na tikete? Na nyumba? Na kula?"

Akanyamaza. "Ile habakuandika. Papa anataka kuuzisha parsele ya Katuba."

Nikamwambia aketi kwanza. Mimi ni mtu wa historia, siwezi kujizuia.

Wakati wa Wabelgiji, Mkongo aliyetaka kusomea chuo kikuu ng'ambo alikuta mlango mwembamba sana. Thomas Kanza alimaliza Louvain mwaka 1956, na watu wakamzungumzia kama ajabu. Hapa kwetu Lovanium ilifunguliwa 1954, ile ya Elisabethville 1956. Kwa hiyo tulipofika 30 Juni 1960, wenye diploma ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika 30. Basi moja lingewatosha wote.

Mwezi wa Februari mwaka ule ule, Wasovieti walikuwa wameanzisha kule Moscow chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Lumumba aliuawa 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata chuo kikapewa jina lake. (Lilitolewa 1992, likarudishwa 2023.)

Sasa angalieni ile burse ilikuwa na nini ndani. Masomo bure. Kitanda katika nyumba ya wanafunzi. Daktari. Safari ya kwenda, na ya kurudi kwao baada ya kumaliza. Pesa za nguo za baridi, maana mtoto wa joto hawezi kufika Moscow na shati tu. Mwaka mzima wa kujifunza Kirusi kabla ya masomo yenyewe. Na posho ya kila mwezi iliyozidi ile ya mwanafunzi Mrusi! Aliyeandika ile orodha alikaa akafikiri: huyu kijana wa maskini, nini kitamkwamisha njiani?

Haikuwa huruma tupu. Ilikuwa wakati wa vita baridi, Moscow ilitafuta marafiki kwa burse, na Wamarekani walifanya vilevile. Hapo mwanzo kijana aliweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia serikali yake, na serikali nyingi hazikupenda.

Linaloniuma ni hili. Septemba 1960 Mobutu alifunga ambasade ya Wasovieti hapa Kongo. Ikarudi, na mwisho wa 1963 wakafukuzwa tena. Yaani chuo kiko na jina la mtoto wetu juu ya mlango, na mtoto wa Léopoldville hana dirisha la kupeleka karatasi zake. Burse iko kamili, njia ndiyo hakuna.

Mudogo wetu iko na kinyume chake: njia iko wazi, burse ndiyo nusu. Tukachukua kalamu, tukaandika orodha ya Moscow upande mmoja, barua yake upande wa pili. Upande wake ulibaki karibu mweupe. Tukawaandikia wale wa Ulaya tukiuliza kila kitu kwa jina lake: tikete, nyumba, chakula, bima, na zile franga ambazo ambasade inataka kuona katika banki kabla ya kutoa viza. Tuliuliza pia kama ile nusu ni ya mwaka wa kwanza tu ao ya miaka yote. Hilo hata mimi nilikuwa nimelisahau, ni papa yake aliyeuliza.

Jibu halijafika. Mnunuzi wa parsele anarudi Siku ya Kwanza. Yeyote kati yenu aliyepita njia hiyo miaka ya karibuni, tafadhali amwandikie leo.