Shamba la Shirika na Njaa ya Jirani: Historia Fupi ya Nundu na Pwani ya Fizi

Katika siku hizi za jubilei, tunapowakumbuka mapadri, masista na wakatekista waliotutangulia, ni haki tukumbuke pia kitu kisichopigwa picha: shamba dogo la mboga ambalo Wakristu hulima pamoja ili mgonjwa, mjane, yatima na mkimbizi wapate kula. Wengi hufikiri kwamba desturi hii ililetwa juzi na vyama vya msaada, pamoja na mifuko ya mbegu na vibao vyao kando ya barabara. Sivyo. Mbegu zilizoletwa zilisaidia, nasi tunazishukuru, lakini desturi yenyewe ni ya zamani kuliko kibao chochote, nayo imetokana na jambo moja: katika pwani hii, karibu kila ukoo umewahi kuwa mgeni kwenye udongo wa mtu mwingine.

Tuanze na Mapadri Weupe, wana wa Lavigerie. Walifika upande huu wa Ziwa Tanganyika mwaka 1880, wakakaa kwanza katika nchi ya Masanze. Kisha mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, waliyoiita Lavigerieville. Wakati ule watumwa walikuwa wangali wakipitishwa ziwani, na mapadri wakawakomboa watoto. Sasa mtoto aliyekombolewa ana nini? Hana mjomba wa kumpa jembe, hana shamba la baba, hana hata mtu wa kumwambia mvua za mahali hapa huanza lini. Kwa hiyo misioni ililima. Tusiipambe mno historia hiyo: ardhi ilikuwa na wenyewe kabla ya misioni, na waliolima walilima chini ya amri ya mapadri. Lakini mwanzo wa Ukristu wetu ulikuwa hivyo, chakula cha asiye na ndugu kikitoka katika shamba la wote. Kibanga iliachwa mwaka 1893 kwa sababu ya magonjwa ya mahali.

Baada ya hapo lilikuja shamba la namna nyingine. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya mazao ya lazima, na katika bonde la Ruzizi, jirani zetu wa kaskazini, pamba ikawa mzigo wa kila nyumba. Miaka ya 1970, chini ya Rais Mobutu, ikaja Salongo: watu wote watoke na majembe, wafanye kazi ya taifa. Jina lilikuwa zuri, na si kila kazi ya Salongo ilikuwa mbaya. Lakini mtu aliyelimishwa kwa kuogopa faini hauoni mkono wake katika mavuno. Ninadhani ndiyo sababu mashamba ya amri yalikufa siku ile ile amri ilipolegea, na wala hakuna aliyeyalilia.

Shamba la shirika halikuzaliwa na amri. Wamisionari Waksaveri walifika upande wa Uvira mwaka 1958. Mwaka 1961 maaskofu wa Congo walichagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, zile ambazo sisi Kivu twaziita mashirika, na mwaka 1962 Jimbo la Uvira likaundwa, Askofu wake wa kwanza akiwa Danilo Catarzi. Shirika ni nyumba chache zinazofahamiana. Ndani yake hakuna haja ya kuuliza nani ana njaa. Moshi usiopanda jioni unatosha kusema.

Miaka miwili tu baadaye damu ilimwagika. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1964, wakati wa maasi, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na siku hiyo hiyo Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert wakauawa Fizi. Abbé Joubert alikuwa mwana wa Kapteni Joubert, yule askari Mfaransa aliyezilinda misioni za mwanzo za ziwa, na mama yake alikuwa Mwafrika. Tarehe 18 mwezi wa nane 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Baba Mtakatifu, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.

Maasi yaliwakimbiza watu milimani, na huko wengine walikaa miaka. Hapo muhogo ulionyesha nguvu yake. Muhogo hujificha. Mwenye shamba akikimbia, chakula chake hubaki chini ya udongo, kikimngoja mwaka mzima na zaidi, na askari anayepita bila jembe haoni kitu. Lengalenga haijui kujificha. Inataka mtu anayekaa, anayemwagilia asubuhi na jioni, anayejua kwamba wiki tano zijazo bado atakuwepo. Mpaka leo, ukitaka kujua kama kijiji kina amani, usiulize wakubwa. Tazama kama kuna matuta ya mboga.

Vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998 vilivunja matuta yote. Katika siku za mwisho za mwaka 1998 na za kwanza za 1999, watu wengi wasio na silaha waliuawa Makobola, kwenye barabara yetu ya Uvira. Maelfu walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakapokewa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 iliwabana wakimbizi wasiende mbali na kambi bila ruhusa, basi kulima kulikuwa ni kuzunguka nyumba tu: kamba ya matembele nyuma ya jiko, nyanya chache, lengalenga mahali yanapomwagwa maji ya kunawia. Wabembe waliozoea kulima mlima mzima walijifunza kulima hatua kumi. Jambo hilo lilikuwa uchungu, lakini lilikuwa pia shule. Walioanza kurudi kwa meli hadi Baraka kuanzia mwezi wa kumi 2005, na wale waliorudi Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, walirudi na mikono iliyojua bustani.

Nasi tumekuwa wapokeaji vilevile. Warundi walikimbilia upande wetu mwaka 1972, tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015, ambapo kambi ilifunguliwa Lusenda, jirani na Nundu, ikajaa watu zaidi ya 20,000. Hapa ndipo lilipo fumbo ambalo wageni kutoka mbali huwa hawalifahamu. Wanauliza: kwa nini mwenyeji anampa mkimbizi mahali pa kupanda mboga, lakini anamkataza kupanda mgomba au mchikichi? Wanaona ni uchoyo. Sivyo hata kidogo. Kwa desturi yetu mti ni ushahidi. Aliyepanda mchikichi, na mtoto wake akachuma ngazi zake, kesho atasema ardhi ni yake, na huko ndiko magomvi ya ardhi ya Kivu yalikoanzia mara nyingi. Mboga haisemi neno. Inavunwa, matuta yanabaki matupu, na udongo unamrudia mwenyewe bila shauri. Kwa hiyo shamba la shirika liliweza kuishi mahali ambapo mipango mikubwa ilileta ugomvi: liliomba kuazimwa udongo kwa msimu mmoja, halikuomba kupewa.

Kuhusu namna ya kulima, hakuna siri. Mbolea ya kiwandani ni ghali, na maskini hawezi kuitegemea. Udongo hulishwa kwa majivu ya jikoni, samadi ya mbuzi, majani yaliyooza shimoni, na maganda ya michikichi yanayobaki baada ya kukamua mawese. Nyasi kavu hutandazwa juu ya matuta ili jua lisinyonye maji. Maharagwe hupandwa baada ya mboga za majani, kwa kuwa yanaurudishia udongo nguvu. Siku hizi watu wa mijini huko Ulaya hununua kwa bei kubwa mboga zisizotiwa dawa. Mama zetu wamezila maisha yao yote, na hawakujua kwamba ni anasa.

Mboga hizo zinakwenda wapi? Kwa mzee aliyebaki peke yake, na kwa mama aliyetoka kujifungua. Zinakwenda pia hospitalini. Hospitali ya Nundu, kazi ya ndugu zetu Wamethodisti Huru, inapokea wagonjwa kutoka vijiji vya mbali, na katika nchi yetu mgonjwa hulishwa na jamaa yake. Asiye na jamaa hupata dawa, asipate chakula. Kwenye kitanda kile hakuna anayeuliza kama sombe ilipikwa na Mkatoliki au na Mprotestanti.

Sasa shida imekuja kutoka upande ambao hatukuutazamia, yaani ziwa lenyewe. Tangu mwaka 2020 maji ya Tanganyika yamepanda, na mwaka 2024 yakapanda zaidi, yakala nyumba, njia na mashamba ya pwani. Bustani za kiangazi zilikuwa huko chini, kwa sababu ndiko mtu huweza kuteka maji kwa ndoo kati ya mwezi wa sita na wa nane, wakati mvua haipo. Nyingi zimezama. Udongo uliobaki ni wa mteremko, unataka makingo ya mawe na majani ili mvua isiuteremshe, tena huko juu kila kipande kina ukoo wake. Pwani palikuwa pa kuazimwa kwa neno la mdomo. Huko juu wazee wa ukoo wanataka kujua kwanza, mbele ya mashahidi, ni misimu mingapi, na nani atasimama kuthibitisha kwamba hakuna mti utakaopandwa. Wana haki ya kuuliza. Kila shirika linalotaka kulima msimu ujao lichague watu wawili wa kwenda kuketi nao na kuwajibu, kabla mvua za mwezi wa kumi hazijaanza.