Historia ya "Meno ya Plastiki" (Afya ya Nyumbani, Sehemu ya 6)

Baada ya sehemu ya 5 wengi mmeniuliza: meno ya plastiki yapo au hayapo? Leo nawajibu kwa historia, maana ukijua jambo lilianzia wapi, hata mama mkwe akikushauri utajua namna ya kumjibu kwa heshima.

Jibu fupi: hayapo. Vile vivimbe vyeupe unavyoviona kwenye fizi za mtoto ni chonge zake za utotoni zinazokua ndani ya fizi. Kila mtoto anazo. Wewe pia ulikuwa nazo.

Sasa historia. Mwaka 1969 mtaalamu wa meno kutoka Denmark, J. J. Pindborg, aliandika kuhusu watoto wa Uganda waliong'olewa chonge changa kwa imani kwamba ndizo zinazoleta homa na kuharisha. Imani kama hiyo ipo pia Sudan, Ethiopia, Somalia na Kenya. Hapa Tanzania ilivuma miaka ya 1980, kwa jina la meno ya plastiki au ya nailoni. Miaka ya 1990 watafiti wetu wa meno walishaandika kuhusu watoto waliong'olewa, na wengine waliosuguliwa fizi kwa dawa za miti shamba.

Hebu angalieni hilo jina. Tunaambiwa ni mambo ya wazee, lakini bibi wa bibi zetu hawakuijua plastiki wala nailoni. Jina hilo ni la juzi tu.

Kwa nini watu waliamini? Kwa sababu miezi inalingana. Kuanzia miezi minne hivi mpaka mwaka, fizi huvimba. Miezi hiyohiyo mtoto anaanza uji, anatambaa, kila anachookota anakitia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Fikiria zile nyumba za Kariakoo na Gerezani: vyumba sita, uani kumoja, choo kimoja, wapangaji na watoto wao. Mtoto lazima apate tumbo. Mzazi akichungulia mdomoni, anaona vivimbe, anasema ndiyo haya! Yanang'olewa, baada ya siku mbili tatu kuharisha kunakoma, sifa anapewa mng'oaji. Lakini kuharisha kwingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache, hata usipong'oa kitu.

Na gharama yake anailipa mtoto. Anatoka damu, vidonda vinaoza, anaweza kupata pepopunda au maambukizi ya damu kutokana na kifaa kilichotumika kwa watoto wengine. Wakati mwingine na jino la ukubwani linaota bovu. Kubwa kuliko yote, siku ile ya kutafuta mng'oaji, mtoto anazidi kuishiwa maji. Kuishiwa maji ndiko kunakoua.

Dawa ya hilo ina historia yake. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa mji wa Bangaon, India, na kipindupindu kikaingia. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza ichanganywe sukari aina ya glukosi, chumvi na magadi kwenye maji, na ndugu wa wagonjwa ndio wakawanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Hiyo ndiyo ORS unayoiona leo kila duka la dawa, kuanzia Msimbazi mpaka mwisho wa Mtaa wa Kongo. Kwa hiyo wanaosema "maji tu hayatibu, mpaka dripu", jamani, ORS ilijulikana pale dripu zilipokosekana!

Mtoto akiharisha:

1. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Kama ameshaanza kula, usimnyime chakula.
2. Changanya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa maji safi ya kunywa. Mpe kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena taratibu. Ikifika saa 24, mwaga, changanya nyingine.
3. Huna pakiti? Maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika.
4. Omba zinki kituoni. Hutolewa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha.

Usikae nyumbani akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hakojoi, analegea, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu au amepata degedege. Hapo ni hospitali, usiku au mchana. Mchanga wa chini ya miezi miwili usimsubirishe, mlete mapema.

Na atakayekushauri kung'oa, usigombane naye. Mwambie: "Mama, ngoja kwanza tumpe maji." Halafu mpe maji.

Sehemu ya 7: kitovu cha mtoto mchanga na vitu tunavyokipaka.