Mbizi Katika Ziwa Letu

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura hupata taabu tufikapo kwenye msamiati wa bahari. Vitabu vyetu vingi vimetungwa na watu wa pwani, na mwanafunzi wa Nyakabiga hana budi kukariri matumbawe, papa na pweza, hali Ziwa Tanganyika alionalo kila siku halina hata tumbawe moja. Neno mbizi, lakini, halimtatizi. Basi tuanzie hapo.

Huko baharini mbizi ilikuwa kwanza kazi, tena kazi ya mateso. Katika karne ya 19 Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki walizamishwa kutafuta lulu katika Ghuba ya Uajemi, pumzi zao tu zikiwa ndizo zana. Mnamo 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza chombo cha kumpa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi aliobeba mgongoni. Tangu hapo mbizi ikawa pia starehe ya wenye nafasi. Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, na Tanzania ikafuata na Mafia mwaka 1995. Watalii wakaja kutazama samaki mahali samaki waishipo. (Siku hizi vijana humwita mzamiaji yule asafiriye melini kwa siri bila nauli. Mwalimu aeleze maana zote mbili.)

Ziwa letu nalo liliwahi kudhaniwa kuwa bahari. Speke, aliyefika Ujiji pamoja na Burton mwaka 1858, alichukua makombe ya konokono wa ziwa, na wataalamu wa London wakastaajabu kuyaona yanafanana na ya baharini. Mwingereza J. E. S. Moore akaandika kitabu kizima mwaka 1903 akidai kwamba zamani sana ziwa lilikuwa mkono wa bahari. Dai hilo halikusimama. Ziwa lilitokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, na viumbe wake wamebadilika humo humo kwa mamilioni ya miaka.

Aliyefanya mbizi ya mtungi ijulikane huku ni Mbelgiji Pierre Brichard, aliyehamia Burundi mwaka 1971. Kwenye ufuko wa Bujumbura hapana mengi ya kutazama, kwa kuwa Rusizi humwaga mchanga na tope. Miamba iko kusini, kuelekea Magara na Rumonge. Huko Brichard na wenzake walizama, wakawavua samaki wadogo wa rangi wakiwa hai, wakawapeleka kwa ndege Ulaya na Marekani kwa wafugaji wa samaki wa vioo. Mwaka 1978 alitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa ziwa hili. Kabla yake wataalamu walisoma zaidi maiti za samaki zilizohifadhiwa katika chupa. Yeye alieleza wanavyoishi: wengine hutaga ndani ya makombe matupu ya konokono, wengine hulea mayai kinywani. Mwaka 1974 mtaalamu Max Poll alimpa samaki mmoja jina la Brichard. Katika jamii ya samaki huyo, watoto wakubwa huwasaidia wazazi kuwalinda wadogo zao.

Hapa ndipo historia yetu inapoachana na ya pwani. Malindi mtu humfuata samaki. Kwetu samaki ndiye aliyesafirishwa kumfuata mtu. Wako wafugaji wa Ulaya walisikiao jina Burundi kwanza kwa sababu ya samaki aliye dukani, na kwa maoni yetu si haki kwamba wanafunzi wetu, wajuao mukeke na ndagala wa mezani, wasijue lolote juu ya hao wa miambani.

Wala tusidhani watasubiri. Utafiti uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kaskazini mwa ziwa, mahali mito iletapo udongo mwingi kutoka milima iliyokatwa miti, aina za samaki wa miambani ni chache kuliko penye maji safi. Mvua kubwa ikinyesha, sisi wakaao Nyakabiga huuona Mto Ntahangwa ukila kingo zake na kushuka ziwani mwekundu. Udongo huo hutua juu ya mawe na kuziba nyufa ambamo samaki hao hutaga.