Ziwa Lilipowafukuza Majirani Zetu

Sisi tuliokimbia vita tunayo kadi ya ukimbizi. Majirani wa Ggaba na Port Bell, hapa Kampala, waliofukuzwa na ziwa hawana.

Mvua kubwa za 1961 zilianza kulijaza Ziwa Viktoria. Kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mei 2020 likarudi karibu na alama ile ile. Nyumba, maduka na vibanda vya samaki vikajaa maji. Lakini tangu 2000 kanuni za Uganda huhifadhi mita 200 za ufuko wa ziwa hili, basi mwathirika akihesabiwa mvamizi, adai kwa nani? Mkataba wa Geneva wa 1951 nao hautaji mafuriko. Wenzetu waliotoka Uvira wanalijua jambo hili: Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba kwao.