Kamba Isiyoshindana na Farasi

Ua wa zamani, uwe wa miti au wa mawe yaliyopangwa, ulishindana na mnyama kwa nguvu. Na hata Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb katika jimbo la Illinois, alipopata hati ya uvumbuzi wa seng'enge yake ya miiba mwaka 1874, hakuitangua kanuni hiyo bali aliizidishia maumivu, maana waya wake ulimzuia ng'ombe kwa kuwambwa baina ya nguzo mpaka ukalia kama uzi wa udi, na kwa kumchoma kila aliyethubutu kuuegemea. Ng'ombe, mwenye ngozi nene na mwendo wa taratibu, alizoea. Farasi, ambaye silika yake akishtuka ni kukimbia kwanza na kutazama baadaye, aliuvaa waya huo kwa miguu, na kadiri alivyofurukuta ndivyo ulivyomkata.

Umeme nao haukuanza kwa heri. Mwaka 1915 majeshi ya Ujerumani yaliweka mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi nyaya zenye takribani volti 2,000, zikipitisha umeme bila kukoma, na wengi waliojaribu kuzivuka waliangamia. Kumgeuza muuaji huyo awe mlinzi wa malisho kulitaka hikima ya namna nyingine, na sehemu kubwa ya hikima hiyo ilitoka New Zealand, ambako katika miaka ya 1930 Bill Gallagher, aliyechoshwa na farasi aliyependa kujikuna kwenye gari lake, alibuni hila ya kulitia gari lenyewe umeme. Mwanzo wa kuchekesha, lakini somo lake lilikuwa zito: mnyama hana haja ya kuzuiwa, bali kukumbushwa. Hata hivyo mashine za awali zilikuwa dhaifu, na majani mabichi yakigusa waya yaliunyonya umeme wote ardhini, hata mwaka 1962 Doug Phillips, naye wa New Zealand, alipovumbua mtambo wa kukusanya umeme katika kapasita na kuuachia kwa pigo fupi kupita kufumba jicho, pigo lenye nguvu ya kuvuka majani na kufika mbali.

Kamba ya umeme iliyofuata, iliyosukwa kwa nyuzi za plastiki pamoja na nyuzi nyembamba za chuma cha pua au shaba, iliwafaa farasi hasa, kwa kuwa ni nene, aghalabu nyeupe, huonekana kwa mbali wala haikati mwili upesi kama waya. Hapo mtu angedhani kwamba, maadamu ua haushindani tena na kifua cha mnyama, kazi ya kukaza imekwisha. Kwa maoni yangu ndipo ilipopata adabu yake. Kamba iliyolegea hupeperushwa na upepo, hugusa majani, na humtamanisha farasi kupitisha shingo. Iliyokazwa kupita kiasi huleta balaa lisiloonekana, kwani plastiki hunyumbuka ilhali chuma hakinyumbuki kwa kadiri ile, basi nyuzi za chuma hukatika ndani huku kamba ikibaki nzima machoni, nayo imekufa.

Ndiyo maana fundi hodari huanza na nguzo za pembeni, akizishindilia na kuziegemezea mihimili, sababu mzigo wote wa mvuto huziangukia hizo. Nguzo za katikati huzipa vihami vinavyoiacha kamba iteleze, ili farasi akiigonga mshtuko ugawanyike ua mzima usimalizikie mahali pamoja. Hukaza kwa kigurudumu chenye meno, kidogo kidogo, si kwa pupa. Mahali pa kuunga hafungi fundo tupu, bali hubana ncha mbili kwa vibanio vya chuma ili nyuzi zigusane. Baada ya siku kadhaa kamba mpya hunyooka na kulegea, naye hurudi kuikaza tena, kisha hupima volti kwenye ncha iliyo mbali kabisa na mtambo kabla ya kuwafungulia farasi.