Lushoto, Mji wa Baridi: Nyumba, Bustani na Waliozijenga

Kila tunapokutana ukumbini kusherehekea Tisa Desemba, watoto wetu huuliza swali lile lile: kwetu kukoje? Mwaka huu wameliuliza kwa namna mpya. Wakati wa kiangazi baadhi ya familia zetu zilikodi basi kwenda kutembelea jumba la kale la bwana mmoja mkubwa wa Kiingereza, lenye bustani za maua na miti iliyokatwa ikanyooka kama ukuta. Baada ya kuzunguka nusu saa, mtoto mmoja akauliza kama Tanzania nako kuna mahali kama hapa. Watu wazima tukatazamana. Mmoja akataja Serengeti, mwingine Zanzibar. Sisi tuliotoka Usambara tukasema: ndiyo, kuna Lushoto. Kisha tukanyamaza, maana jibu lenyewe ni refu kuliko safari ya basi.

Lushoto iko mkoani Tanga, juu katika milima ya Usambara Magharibi, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Unaacha barabara kuu pale Mombo, kwenye joto na mashamba ya mkonge, unapanda kilometa 33 hivi za kona, unapita maporomoko ya maji ya Soni, na ukifika juu unatafuta sweta. Mwezi wa Julai ukungu hulala barabarani mpaka saa nne asubuhi. Sokoni kuna plamu, pea, karoti na kabichi. Njiani kuna mikaratusi na misonobari, na nyuma ya miti hiyo zinaonekana nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae na mabomba ya moshi. Mgeni huona kama ameshuka mahali fulani Ulaya, na waliozijenga walikusudia hivyo hivyo.

Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe na ilikuwa na historia kabla ya bomba la kwanza la moshi. Katika karne ya 18 alifika Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Ungulu, akagawa nyama, akaamua kesi za watu, na mwisho Wasambaa wakamfanya mfalme. Wazao wake ndio Wakilindi, na mji wao mkuu ulikuwa Vuga, mwendo mfupi kutoka Soni. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karani wa mmoja wa wakubwa wao, katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Wazazi, kitafuteni. Ni moja ya vitabu vya mwanzo vya historia vilivyoandikwa kwa lugha yetu.

Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala mpaka alipofariki mwaka 1862. Amri yake ilishuka milimani ikafika pwani, na mmisionari Krapf alipopanda kwenda Vuga mwaka 1848 alimkuta mfalme anayeogopwa na kutiiwa. Mfalme aliitwa Simba Mwene, na kazi yake kubwa haikuwa vita. Wasambaa wana maneno mawili ambayo sisi wauguzi tunayapenda: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu asiyepingwa aliiponya nchi: mvua ilinyesha, watu wakashiba. Wakubwa walipogombana, nchi iliugua. Na baada ya Kimweri iliugua kweli. Semboja, mwanawe, alikaa Mazinde bondeni, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki. Vita vya ndugu vikafuata miaka mingi, na watu wengi wakauzwa utumwani. Wajerumani walipofika walikuta nchi iliyochoka. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, aliyekuwa akitawala Vuga, na baada ya hapo mfalme alikuwa mtu wa kupokea maagizo.

Sasa tuje kwenye ua. Wengi wenu mnalo nyumbani bila kujua. Sisi tunaozunguka kuwahudumia wagonjwa majumbani tunalikuta kila mara kwenye dirisha la jikoni: kijungu kidogo, majani manene yenye manyoya, maua ya zambarau. Waingereza huliita urujuani wa Afrika, ingawa si urujuani hata kidogo. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Kwao ni Usambara na milima ya jirani, ambako huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Leo linauzwa kwenye maduka makubwa duniani kote. Bibi mmoja wa Kiingereza tuliyekuwa tukimfunga kidonda cha mguu hakuamini tulipomwambia kwamba ua lake nasi tunatoka milima mimoja. Alicheka, akasema basi lilitangulia kuja.

Ua lilipokuwa likienda Ulaya, Ulaya nayo ilikuwa ikipanda mlimani. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mlimani Wajerumani walijenga makao ya wilaya wakayaita Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao ambaye hakukanyaga huko hata siku moja. Maofisa walipanda kupumzika na joto la pwani, na kuikimbia malaria. Walowezi walichukua ardhi wakapanda kahawa. Mmoja wao alikuwa Tom von Prince, yule yule aliyeongoza askari kuiteka ngome ya Mkwawa kule Kalenga mwaka 1894. Alipoacha jeshi alikuja kukaa na mkewe Sakharani, karibu na Soni, akawa mkulima. Vita ilipozuka mwaka 1914 akarudi kushika bunduki, akauawa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba. Sakharani leo ni shamba la watawa Wabenediktini, na ukipita watakuuzia divai na karanga za makadamia.

Bustani kubwa kuliko zote ilikuwa Amani, kwenye Usambara Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera. Ilianzishwa mwaka 1902 kama taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Ilipandwa miti na mimea kutoka pembe zote za dunia kuona kipi kingestawi katika koloni: mpira, viungo, kahawa, mbao, na mkwinini unaotoa dawa ya kwinini. Katika Vita ya Kwanza, meli za Ujerumani ziliposhindwa kufika, Amani ilitengeneza kwinini kwa ajili ya askari wao. Baadaye, zama za Waingereza, mahali hapo pakawa kituo cha utafiti wa malaria. Wengi wetu tulijifunza habari za malaria darasani huku ughaibuni, kwenye vitabu vya kizungu, bila mwalimu hata mmoja kututajia Amani.

Usambara ina jambo jingine la fani yetu ambalo halipati nafasi kwenye vitabu vya watalii. Kule Lutindi, juu ya Korogwe, wamisionari Wajerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache tu baadaye yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, moja ya za kwanza kabisa Afrika Mashariki, na bado inafanya kazi.

Tumesifu baridi, maua na nyumba. Nani alibeba mawe? Katika wilaya ya Wilhelmstal, kuanzia mwaka 1907, kila mwanaume mzima Mwafrika alipewa kipande. Katika kila miezi minne alitakiwa kumfanyia kazi mlowezi siku 30, kwa ujira uliopangwa, na kila siku iliandikwa kwenye kadi. Asiyejaza kadi yake alipelekwa kwenye kazi za serikali, kama vile barabara. Utaratibu ule haukuitwa utumwa, na waliouweka walijisifu kwamba ni wa haki, kwa kuwa ujira ulilipwa. Lakini mwanaume aliyekuwa akijaza kadi ya bwana wakati wa kulima hakuwa shambani kwake. Watoto wetu wanapoona picha za nyumba zile, tunataka waone na kadi.

Waingereza walichukua Usambara mwaka 1916, na jina la Wilhelmstal likafutwa. Nyumba zilibadilisha wapangaji tu. Gavana naye alikuwa na nyumba yake Lushoto, na Ikulu Ndogo ipo mjini hata sasa. Wazungu walisomesha watoto wao hapo kwa sababu ya hewa nzuri. Kwa wenyeji, neno linalokumbukwa zaidi katika zama za Mwingereza ni moja: matuta.

Kuanzia mwaka 1946, Mlalo kwanza na kisha kwingineko, serikali iliamuru wakulima wachimbe matuta kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Tuwe wa haki: mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na anayeijua Usambara anajua jinsi mvua ya masika inavyoteremsha shamba zima mtoni. Lakini waliotoa amri hawakuuliza kwa nini watu walibanana miteremkoni, wakati ardhi nyingine nzuri ilikuwa ya mashamba ya walowezi na misitu ya serikali. Na waliochimba, tena kwa jembe la mkono, walikuwa zaidi akina mama. Asiyechimba alitozwa faini. Watu wakajaa Vuga kumlalamikia mfalme aliyesimamia amri hizo, na mwaka 1947 Simba Mwene Magogo akaachia kiti. Nchi ilikuwa imebanwa, walisema. TANU ilipofika milimani miaka ya 1950 haikuhitaji kueleza sana uhuru ni kitu gani, kwa maana kila shamba lilikuwa na somo lake limechimbwa. Mradi wa matuta uliachwa miaka michache kabla ya Uhuru.

Hivyo tukisema Uhuru, tusiwafundishe watoto bendera na wimbo peke yake. Kwa Msambaa wa mwaka 1961 ulikuwa pia ni haki ya kuamua jembe lipige wapi.

Nyumba zile leo ni ofisi, hosteli, nyumba za wageni na makazi ya watumishi. Mji una chuo cha mahakama na kituo cha utafiti wa misitu. Nyingine zimeanza kuvuja, na vigae vilivyovunjika vimezibwa kwa bati. Ukienda, usiishie hapo. Panda mpaka Irente utazame bonde la Mombo chini ya miguu yako, kisha nenda Mlalo ukaone nyumba za ghorofa za udongo zenye roshani za mbao, ambazo Wasambaa walijijengea wenyewe. Kwa macho yetu hizo ndizo nyumba za fahari za Usambara. Mtu akibisha, aje atuone baada ya pilau.

Sisi wajukuu tuliokulia kule miaka ya 1980 tunamkumbuka bibi yetu na shamba lake la chini ya Soni. Wakati huo ulikuja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, safari hii kwa msaada wa Wajerumani wa zama zetu, na mabwana shamba walipita wakiomba watu wapande majani ya guatemala kwa mistari kukata mteremko. Bibi alikuwa amechimba matuta ya Mwingereza akiwa mwali, na aliwahi kutusimulia jinsi yeye na wenzake walivyoyasawazisha kwa miguu siku waliposikia amri imekufa, wakiimba. Bwana shamba alipomaliza maelezo, bibi alimwuliza jambo moja tu: nisipopanda, faini ni kiasi gani? Bwana shamba akasema hakuna faini. Bibi akatutuma wajukuu tukachukue majembe. Tulipanda mistari sita kabla ya giza, naye alisimama juu ya shamba akituelekeza, mstari huu upinde hapa, ule ufuate jiwe lile.