Charley Pride, muimbaji aliyesikika redioni kabla ya kuonekana

Mwanzoni mwa mwaka 1966, watangazaji wa redio huko Marekani walipokea sahani ya muimbaji mpya wa muziki wa kantri. Sauti ilikuwa nzito na tamu, na jina lilikuwa Charley Pride. Lakini picha yake haikutumwa pamoja na sahani hiyo.

Sababu ni kwamba Pride alikuwa mtu mweusi. Kantri, muziki wa gitaa wa watu wa vijijini, siku zile ulihesabiwa kuwa mali ya Wazungu, na kampuni ya RCA iliogopa kwamba redio zitamkataa zikiona sura yake. Huo ulikuwa ubaguzi, hata kama waliofanya hivyo walitaka kumsaidia.

Alizaliwa tarehe 18 mwezi wa tatu 1934 kijijini Sledge, jimbo la Mississippi, mtoto wa nne kati ya watoto kumi na mmoja. Wazazi wake walilima pamba katika shamba lisilo lao na kugawana mavuno na mwenye shamba. Baba alikuwa na redio, na kwa redio hiyo familia ilisikiliza Grand Ole Opry, kipindi cha kantri kutoka mji wa Nashville. Mtoto alipenda alichosikia. Akiwa na miaka 14 alinunua gitaa, akajifunza peke yake.

Hata hivyo ndoto yake ya kwanza ilikuwa besiboli, si muziki. Alicheza katika timu za watu weusi, na mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba timu moja ilimuuza pamoja na mwenzake ili inunue basi. Mwaka 1960 alihamia jimbo la Montana, mbali kabisa kaskazini, akapata kazi katika kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi. Kazi ya moto na moshi, watu wa Likasi na Lubumbashi wanaijua. Mchana kiwandani, siku za mechi anachezea timu ya wafanyakazi, na kabla mechi haijaanza anaimba ili aongezewe dola 10.

Mwaka 1965 Chet Atkins, mpiga gitaa na kiongozi wa RCA kule Nashville, alikubali kumrekodi. Wimbo wake wa tatu ulipopendwa, hakukuwa tena na namna ya kumficha. Mwishoni mwa 1966 alipanda jukwaani mjini Detroit mbele ya maelfu ya watu, karibu wote Wazungu. Walianza kumpigia makofi, kisha walipomuona ukumbi ukanyamaza. Pride akawatania kuhusu rangi yake mwenyewe. Watu wakacheka, yeye akaimba. Baada ya onyesho walipanga mstari kuomba sahihi yake.

Baadaye nyimbo zake 29 zilifika namba moja katika orodha ya kantri, na mwaka 1971 alichaguliwa muimbaji bora wa mwaka.

Kuna safari moja ambayo watu wa Ireland ya Kaskazini hawajaisahau. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakiuana, na mwaka 1975 wanamuziki watatu wa bendi moja walipigwa risasi barabarani wakirudi nyumbani kutoka kazini. Waimbaji wa kigeni wakaogopa kuja. Mwezi wa kumi na moja 1976 Pride alikwenda Belfast akaimba katika sinema ya Ritz. Watu wa pande zote mbili walikaa katika ukumbi mmoja, jambo ambalo mjini humo lilikuwa gumu. Wimbo wake "Crystal Chandeliers" ukawa wa kila nyumba, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti.

Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2020 alipewa tuzo ya maisha yake yote huko Nashville, akaimba akiwa na miaka 86. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili, aliaga dunia mjini Dallas kwa ugonjwa wa Covid-19. Aliacha mke wake Rozene, waliyeoana mwaka 1956.